Fahamu: Protini zinazopenya hadi ndani ya seli

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando unaoilinda. Dawa nyingi zenye molekuli ndogo huupenya, lakini protini ni kubwa mno na kwa kawaida hubaki nje. Zitaingiaje kutibu kasoro iliyo ndani?

Ufunguo ulitoka wapi?
Mwaka 1988, makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yaligundua kuwa Tat, protini ya VVU, huweza kuingia yenyewe ndani ya seli. Baadaye ilibainika kwamba kipande chake cha asidi amino 11 tu kinatosha. Kipande hicho peke yake hakiambukizi mtu.

Hutumikaje?
Jeni la kipande hicho huunganishwa na jeni la protini ya tiba. Bakteria waliowekewa jeni hilo huzalisha protini moja yenye sehemu mbili: moja hufungua njia, nyingine hufanya kazi. Mwaka 1999, timu ya Steven Dowdy iliwadunga panya protini ya namna hiyo, ikafika hadi kwenye ubongo.

Kikwazo ni nini?
Protini nyingi za namna hiyo hunaswa katika vifuko vya ndani ya seli na kusagwa. Tena, kipande cha Tat hakitofautishi seli gonjwa na nzima. Nerinetide, dawa ya kiharusi yenye kipande cha Tat, ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,105. Matokeo ya mwaka 2020 hayakuonyesha nafuu kwa ujumla.

Matumaini yapo, ila kazi kubwa ingali maabarani. Ukiuziwa protini hizi kama tiba iliyokamilika, muulize daktari kwanza.