KUFUNGA WAYA ZA AMPLI NA BAFLE BILA KUUNGUZA KITU

Wanafunzi wenzangu,

Likizo ikifika, wengi wetu tukirudi nyumbani wazazi wanatuambia: «Wewe uliyesoma, tufungie hii ampli.» Tusikubali mbio mbio. Huku milimani, kununua batri, ampli na bafle mbili ni kuuza mifugo, na waya moja iliyofungwa vibaya inaweza kuunguza vyote, hata na nyumba ya nyasi.

Kwanza, zima ampli. Batri tunaifunga mwisho kabisa.

Pili, bafle. + ya ampli iende ku + ya bafle, na − ku −. Ukigeuza bafle moja haiungui, lakini moja inasukuma hewa wakati ingine inavuta, na besi inapotea. Watu wanasema bafle ni mbovu, kumbe ni waya tu. Menya sentimita 1, sokota nyuzi zake vizuri. Uzi mmoja ukigusa upande wa pili, ampli inaweza kufa.

Tatu, usiongeze bafle ovyo. Tukumbuke kanuni ya Ohm, yule Mjerumani aliyeitoa mwaka 1827. Bafle mbili za ohm 8 zikifungwa pamoja, + ku + na − ku −, zinakuwa ohm 4, na mkondo unakuwa mara mbili. Soma nyuma ya ampli: kama inaomba ohm 8, usiipe 4.

Nne, batri. Ampli inayokula wati 60 ku batri ya volti 12 inavuta ampere 5, maana 60 ÷ 12 = 5. Kwa hiyo waya yake iwe nene na fupi. Ile nyembamba inapata moto. Tazama + na − mara mbili, kwa sababu ukizigeuza hapa ampli inaweza kuungua palepale. Tia fizible karibu na + ya batri. Ikikatika, tafuta kosa, usiweke ile karatasi ya sigara inayong'aa. Kukatika ndiyo kazi yake: inakufa ili nyumba ipone.

Kiisha washa sauti ikiwa chini, ipandishe pole pole.

Na kama mzee anakuharakisha, mwambie kwa heshima: «Baba, ngoja nitazame tena.» Kutazama tena hakuombi franga hata moja.