Saa ya Mwili, Zamu za Usiku na Saratani

Katika nyumba zetu nyingi yumo mtu anayetoka kazini wakati wenzake wanarejea kutoka sala ya Alfajiri. Ni muuguzi, mlinzi au mfanyakazi wa kiwandani. Tumezoea kumwonea huruma kwa uchovu wake. Ni nadra kujiuliza kukesha huko kunaufanyia nini mwili wake.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali inapopishana mishipa ya macho, kuna kundi dogo la chembe hai linaloongoza saa ya mwili. Saa hiyo hujirekebisha kwa mwanga. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouandaa mwili kwa usingizi. Chembe hai za viungo vingine nazo zina saa zake ndogo, ambazo huchangia kupanga wakati wa kugawanyika na wa kurekebisha vinasaba vilivyoharibika. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kufichua siri ya saa hiyo kupitia nzi wadogo wa matunda.

Saratani ni chembe hai zinazogawanyika bila mpangilio. Kwa hiyo wataalamu walihofu kwamba saa ikivurugika kwa miaka mingi, mlango wa maradhi hayo hufunguka. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kuwa kazi za zamu zinazovuruga saa ya mwili yamkini husababisha saratani. Mwaka 2019 ilithibitisha kauli hiyo kuhusu kazi za usiku. Denmark imewalipa fidia baadhi ya wanawake waliopata saratani ya matiti baada ya kukesha kazini miaka mingi.

Hata hivyo, yamkini si hakika. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 haukuona ongezeko la saratani ya matiti. Tena wagonjwa hawawezi kuachwa usiku bila wauguzi.

Lililo mikononi mwetu ni usingizi wa mchana wa anayekesha. Tumwekee pazia zito, tuwatulize watoto, tusimwamshe kwa ajili ya wageni. Nasi tusio na zamu tuzime simu mapema baada ya Isha. Mwanamke akihisi uvimbe kwenye titi, awahi hospitali.

Mama aliyekesha akiuguza watoto wa wenzake, asikose utulivu nyumbani kwake.