Ufungashaji wa Programu Huria (3): Programu Isiyo na Namba ya Toleo

Programu huria nyingi hutolewa kwa matoleo yenye namba, kama 1.0 na 1.1, na kwa namba hizo kompyuta hutambua kifurushi kipi ni kipya kuliko kingine, kifurushi kikiwa ni programu iliyokwisha kuandaliwa pamoja na maelezo yake ili mfumo endeshi uisakinishe na kuisasisha wenyewe. Wapo, hata hivyo, waandishi wasiotangaza toleo lolote: huweka msimbo katika hazina ya Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, wakaendelea kuurekebisha, na anayeuhitaji huuchukua kama atakavyoukuta. Git hulipatia kila badiliko utambulisho, kwa kawaida wa tarakimu na herufi 40, lakini kwa kuwa hukokotolewa kutokana na yaliyomo, utambulisho huo hauonyeshi badiliko lipi lilitangulia.

Mfungashaji wa Debian, mradi wa mfumo endeshi huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, hulazimika basi kuitungia programu hiyo namba. Kutumia tarehe tupu, tuseme 20240115, ni mtego, kwani siku mwandishi atakapotoa toleo 1.0, dpkg, chombo kinacholinganisha namba sehemu kwa sehemu kuanzia kushoto, kitaona kuwa milioni 20 na ushei ni kubwa kuliko moja, na waliosakinisha kifurushi cha awali hawatapata kipya. Dawa ipo, nayo ni kutanguliza namba ya enzi, inayolinganishwa kabla ya nyingine zote, na nukta pacha, ikasomeka 1:1.0; lakini enzi ikishapandishwa haishuki, na kifurushi kitaibeba daima.

Kwa sababu hiyo wafungashaji waangalifu huandika 0~git20240115.3fa92c1-1. Alama ya wimbi iliyo baada ya sifuri ndiyo yenye kazi kubwa, kwa kuwa dpkg huihesabu kuwa ndogo kuliko chochote, hata kuliko mwisho wa namba, hivyo toleo la kweli, liwe 0 au 0.1, litaipita bila kuhitaji enzi. Tarehe ni ya badiliko lenyewe, herufi zinazofuata ni mwanzo wa utambulisho wake, na -1 huhesabu marudio ya ufungashaji. Hata hapa pana ufa: badiliko la asubuhi likianza na 9c41e07 na la alasiri ya siku hiyohiyo likianza na 3fa92c1, la alasiri litaonekana la zamani, kwa kuwa 3 ni ndogo kuliko 9, na mfungashaji atalazimika kuchomeka namba ya mfuatano kabla ya utambulisho.

Katika Arch Linux, mfumo endeshi huria mwingine, desturi ni kuhesabu mabadiliko yote tangu mwanzo wa hazina, hivyo r1142 huifuata r1141 hata yakiwa ya saa moja. Njia hii ni safi zaidi, ilimradi mwandishi asiandike upya historia ya hazina yake na kuunganisha mabadiliko kadhaa kuwa moja, kwani hapo hesabu hurudi nyuma na Arch nayo hulazimika kupandisha enzi.