Jozi Isivunjwe: Ukusanyaji wa Majambia na Visu vya Kale

Makala haya yanaeleza ukusanyaji wa majambia na visu vya kale vilivyotengenezwa kwa jozi, na sababu za kazi hiyo kumhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Hoja yetu ni moja: chombo kilichotengwa na mwenziwe na kupokonywa jina lake ni nusu ya chombo.

Tuanze na jambia la Oman, ambalo pwani yetu imelijua kwa karne nyingi kama vazi la heshima, hasa la bwana harusi. Nyuma ya ala yake, mara nyingi huchomekwa kisu kidogo chenye mpini uliopambwa kwa nyuzi za fedha. Jambia ni la hadhi na kujihami. Kisu ni cha kazi ndogondogo. Mwaka 2022, UNESCO iliuingiza ufundi wa jambia hilo katika orodha ya turathi zisizoshikika. Hata hivyo, mchuuzi asiyejua hukichomoa kisu na kukiuza peke yake, na ala ikabaki na pengo lisiloelezeka.

Jozi za aina hii zapatikana kwingineko. Samurai wa Japani walivaa katana na wakizashi, jozi iitwayo daisho, hadi amri ya 1876 ilipowakataza kuvaa panga hadharani. Huko Uskoti, ala ya jambia la wapiganaji ilibeba pia kisu kidogo na uma.

Je, sisi wa bara tuna nini? Katika mtaa wa Makongeni mjini Thika, ambako Kikuyu husikika kando ya Kiswahili, jibu limo vinywani mwa watu. Sime, yenye makali pande mbili, bapa lililopanuka kuelekea nchani na ala ya ngozi, Wakikuyu huiita rũhiũ. Kisu kidogo ni kahiũ. Mzizi ni mmoja, ngeli ndizo zinazotofautiana, sawa na jisu, kisu na kijisu katika Kiswahili. Hatudai kwamba viwili hivyo vilivaliwa pamoja. Twasema tu kwamba lugha imehifadhi udugu ambao soko haliuoni.

Kwa hiyo mkusanyaji na azingatie mambo matatu. Kwanza, aipige picha jozi nzima kabla ya kuitenganisha, wala asisugue kutu ovyo. Pili, aandike jina la kila sehemu (mpini, bapa, ncha, ala, mshipi) kwa lugha ya mwenye chombo, pamoja na matumizi yake. Tatu, aijue sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya 2006 hukihesabu kuwa cha kale chombo kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na hakitolewi nchini bila kibali. Aidha, mipini ya pembe za kifaru ina doa: biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku tangu 1977.

Mwanafunzi asiye na fedha za kununua jambia asikate tamaa. Daftari na kalamu vyamtosha. Fedha za tajiri zaweza kukikomboa chombo sokoni, lakini jina likifa na mzee aliyelijua, halina duka linakouzwa.