Lesithini ni salama, ugomvi uko kwenye mbegu

Soma orodha ya viambato kwenye pakiti ya biskuti, chokoleti, majarini au maziwa ya unga. Karibu na mwisho, kwa herufi za kumtesa mzee asiye na miwani, utakuta lesithini. Pakiti nyingine huandika INS 322, na zilizotoka Ulaya huandika E322. Vyote ni kitu kimoja: mafuta ya aina ya fosfolipidi, ambayo upande mmoja wa molekuli yake hupenda maji na upande wa pili hupenda mafuta. Kwa hiyo lesithini ni mshenga kati ya vitu viwili ambavyo vikiachwa peke yake havikai pamoja.

Kazi yake inaonekana vizuri kwenye chokoleti. Siagi ya kakao ndiyo inayoifanya chokoleti iliyoyeyushwa itiririke kwenye mitambo, na siagi hiyo ni ghali. Lesithini kidogo tu, chini ya nusu ya asilimia, huilainisha chokoleti kiasi ambacho kingehitaji siagi ya kakao ya uzito mara kumi hivi. Mwaka 2024, kakao ilipopita dola 10,000 kwa tani, mwenye kiwanda hakuhitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo. Naye hawezi kuimimina apendavyo, kwa sababu ikizidi, chokoleti huanza kuwa nzito tena. Kwenye maziwa ya unga hunyunyiziwa juu ya chembechembe ili zisielee na kufanya madonge kwenye maji baridi, na kwenye majarini hupunguza kuruka kwa mafuta kikaangoni.

Mkemia Mfaransa Théodore Gobley aliitenga kutoka kwenye kiini cha yai katika miaka ya 1840. Lakini yai ni chanzo ghali kwa kiwanda. Biashara yenyewe ilianza Ujerumani katika miaka ya 1920, viwanda vya kukamua soya viliposumbuliwa na ute mzito uliokuwa ukituama chini ya matangi na kuharibu mafuta. Dawa ilikuwa kuyapasha moto mafuta ghafi, kuyachanganya na maji kidogo ili ute uvimbe, kisha kuuondoa kwa mashine inayozunguka kwa kasi kubwa. Ute huo ukikaushwa ndiyo lesithini. Mpaka leo inapatikana hivyohivyo.

Hapa ndipo penye fundo la biashara nzima. Hakuna anayekamua soya kwa ajili ya lesithini. Soya hukamuliwa kwa ajili ya mashudu ya kulishia kuku na nguruwe, kisha mafuta; lesithini ni kilo 20 hadi 30 kwa tani ya mafuta ghafi. Watengeneza chokoleti wakiitaka zaidi, soya haitakamuliwa zaidi kwa sababu yao. Bei ikiwa mbaya, wenye viwanda huurudisha ute kwenye mashudu na kuendelea na shughuli zao.

Kuhusu usalama, vyombo vikubwa vilimaliza kesi zamani. Mwaka 1973 kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO iliona hakuna haja ya kuiwekea kikomo cha ulaji kwa siku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilirudia tathmini mwaka 2017 ikafikia uamuzi huohuo. Tahadhari imebaki kwa watoto wachanga, na Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya gramu 1 kwa lita ya maziwa ya kopo ya watoto hao. Ni haki yao, maana chakula chao ni hicho kimoja, asubuhi hadi usiku.

Ugomvi basi uko wapi? Uko kwenye mbegu. Tangu 1996 wakulima wa Marekani na Argentina, na baadaye wa Brazil, wamehamia kwa wingi kwenye soya iliyobadilishwa vinasaba. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ukaagiza kwamba kiambato kilichotokana na mmea wa namna hiyo kitajwe kwenye lebo, isipokuwa mchanganyiko wa bahati mbaya usiozidi asilimia 0.9. Sharti hilo halijali kama vinasaba vyenyewe bado vinaweza kupimwa kwenye bidhaa, na kwenye lesithini iliyosafishwa mara nyingi havionekani tena. Maabara haina la kusema, kwa hiyo kinachouzwa ni karatasi: hati zinazofuata mzigo kutoka shambani hadi kiwandani. Lesithini mbili zinazofanya kazi ileile zikapata bei mbili. India, ambayo hairuhusu kulimwa kwa soya ya namna hiyo, ikajikuta na soko zuri.

Wengine walihamia alizeti. Haina utata wa vinasaba, wala haimo kwenye orodha ya vyakula vikuu vinavyoleta mzio. Kasoro yake ni kwamba mafuta yake yana ute mchache kuliko ya soya, na zaidi ya nusu ya mafuta ya alizeti duniani hutoka Ukraine na Urusi. Vita vilipopamba moto Februari 2022 na bandari za Ukraine kwenye Bahari Nyeusi kufungwa, wanunuzi wengi walilazimika kutazama soya upya. Kurudi huko si kubadilisha pipa tu. Soya imo kwenye orodha hiyo ya mzio, hivyo lebo lazima ibadilike, na makasha huchapwa miezi mingi kabla. Ni kweli kwamba lesithini ya soya hubaki na protini kidogo sana, na wengi wenye mzio wa soya huila bila kudhurika. Lakini sheria za Ulaya na Marekani zinasamehe mafuta ya soya yaliyosafishwa kikamilifu, na hazijaisamehe lesithini. Naona ziko sahihi: mzazi ndiye apewe taarifa aamue.

Kwetu Tanzania kuna swali linalokuja lenyewe: kwa nini alizeti ya Singida na Dodoma isitupe lesithini? Mashine zetu ndogo hukamua na kuchuja basi, bila kuondoa ute, na sehemu ya ute huo ndiyo inayotuama chini ya chupa zinazouzwa kando ya barabara. Kuukusanya kunahitaji kiwanda kikubwa chenye mbegu mwaka mzima, na mitambo ya kuukausha upesi kabla haujachacha. Mafuta ya mawese tunayoagiza kutoka Malaysia na Indonesia nayo hayasaidii, kwani karibu hayana ute huo. Kwa sasa sisi ni wanunuzi, na anayeahidi utajiri wa haraka kwenye jambo hili anauza maneno.

Wapo pia wanaouza vidonge vya lesithini kwa ahadi ya kurudisha kumbukumbu. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane hayakuona faida kwa wagonjwa wa kusahausahau. Kama unachotafuta ni kolini iliyomo ndani yake, yai moja kubwa lina takriban miligramu 147, na bei yake unaijua.

TBS, shirika la viwango ambalo tangu 2019 linasimamia pia usalama wa chakula Tanzania Bara, na KEBS, mwenzake wa Kenya, wanapaswa kukagua jambo moja bila kuchoka kwenye biskuti na chokoleti zinazoshushwa bandarini: jina la chanzo. Lesithini ya soya, ya alizeti au ya yai, iandikwe hivyo. Anayejali uhalali wa chakula chake kidini naye anahitaji taarifa hiyohiyo. Nawe mzazi, ikiwa mtoto wako ana mzio wa soya au yai na pakiti imeandikwa lesithini tupu, irudishe rafuni.