Mintarafu ya Mipini ya Gofu na Bei Zake

Mtu anunuaye fimbo mpya ya kufungulia shimo, ile ndefu kuliko zote ambayo wachezaji wa gofu huiita draiva, hulipa siku hizi huko Marekani takriban dola 600, naye hutoka dukani akiamini kwamba amekwisha pata kitu kamili; kumbe haipiti miezi mingi ila ataambiwa kuwa kichwa alichonunua ni cha sifa, walakini mpini wake ni wa kawaida tu, na kwamba kwa dola 300 hadi 400 nyingine aweza kutiwa mpini wa daraja la wachezaji wa mashindano. Hivyo ndivyo kipande ambacho mchezaji wa kawaida hapo zamani hakukijua kwa jina wala kwa bei kilivyogeuka kuwa bidhaa yenye soko lake, mabingwa wake na, sina budi kusema, porojo zake.

Asili ya soko hili kwa sehemu kubwa imo katika sheria. Mnamo mwaka 2004 wakuu wa mchezo, yaani Chama cha Gofu cha Marekani pamoja na R&A ya St Andrews huko Scotland, walikiwekea kichwa cha draiva mpaka wa sentimita za ujazo 460, na uso wake nao ukawekewa kipimo cha kurusha usichoruhusiwa kukipita, hata ikawa viwanda vyote vikubwa vinagonga dari moja, na tofauti baina ya kichwa cha mwaka huu na cha mwaka jana ikawa ni ya kutafutwa kwa taa. Kisha mwaka 2008 wakuu hao hao wakaruhusu fimbo zenye sehemu za kurekebishwa, na viwanda vikatunga kiungo kidogo cha skurubu kiunganishacho mpini na kichwa. Kabla ya hapo mpini uligandishwa kwa gundi ya epoksi, na kuubadili ilikuwa kazi ya fundi mwenye moto na subira. Sasa mchezaji aufungua mwenyewe kwa ufunguo mdogo, kwa muda wa dakika moja, papo hapo uwanjani. Maadamu kichwa kilikuwa kimekwisha fungwa na kanuni na mpini umefunguliwa na kanuni, si ajabu kwamba fedha za wateja zilifuata njia iliyo wazi.

Mabadiliko ya mpini wenyewe si mageni. Mti wa hikori ulitumika hadi chuma kiliporuhusiwa Marekani mwaka 1924, na R&A wakakikubali mwaka 1929; kisha mwaka 1969 mhandisi Frank Thomas, akiwa katika kampuni ya Shakespeare, akabuni mpini wa grafaiti, yaani wa nyuzi za kaboni, na mtu huyo huyo baadaye akawa mkuu wa ufundi wa Chama cha Gofu cha Marekani, yaani mlinzi wa mipaka ya zana ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezisukuma mbele. Leo ni nadra kuiona draiva mpya yenye mpini wa chuma.

Watengenezaji wenye jina ni wachache, na wengi wao ni Wajapani: Fujikura, Mitsubishi na Graphite Design; upande wa Marekani yupo True Temper, mwenye alama ya Project X, na alikuwapo Aldila wa California hata akanunuliwa na Mitsubishi Rayon mwaka 2013. Kazi yao ni kuzungusha mashuka ya nyuzi za kaboni yaliyoloweshwa utomvu juu ya ufito wa chuma, kuyaoka, kuyapiga msasa na kuyapaka rangi, na ustadi wote umo katika kujua ni shuka lipi lilale upande gani na kwa pembe ipi. Hapa ndipo mnunuzi hana budi kufumbua macho, kwa kuwa yamkini mpini uuzwao pamoja na kichwa ukawa na jina na rangi zile zile za mpini wa bei ghali, ilhali mashuka yaliyomo ndani si yale yale. Si udanganyifu kwa mujibu wa sheria. Ni biashara ya majina, na majina huuzika.

Je, mpini huo ghali hufaa? Kwanza yafaa kujua kwamba mpira hukaa usoni mwa fimbo kwa kadiri ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, muda mfupi hata kichwa hupiga karibu kana kwamba kimekatika na kuruka peke yake. Kazi ya mpini imekwisha kabla ya hapo, nayo ni kukifikisha kichwa mahali pake, uso ukiwa umeelekea panapotakiwa. Kwa kuwa uzito wa kichwa umeketi nyuma ya mstari wa mpini, mpini hupinda kwenda mbele mwishoni mwa pigo na kuuinua uso wa fimbo, na ulio laini zaidi hupinda zaidi; kwa hiyo kuubadili aghalabu huathiri kimo cha mpira, mzunguko wake na mtawanyiko wake kuliko kasi yake. Anayeahidiwa yadi ishirini kwa mpini pekee na aulize zitatoka wapi.

Kuoanisha mpini na kichwa ni hesabu ya uzito kabla ya kuwa hesabu ya ulaini. Kichwa huwa na gramu 200 hivi, na mipini huanzia gramu 40 hadi kupita 80. Mkulima mwenye akili huchonga mpini wa jembe kwa kimo na nguvu zake, wala haazimi wa jirani kwa sababu jirani alivuna sana. Urefu nao hudharauliwa bure: draiva nyingi huuzwa zikiwa na inchi 45 na nusu au zaidi, kwa kuwa fimbo ndefu husifika kwa kasi, bali mchezaji wa wastani akikata nusu inchi na kurudishia gramu 6 hivi kichwani ili uwiano wa uzito usipotee, yaelekea atagonga katikati ya uso mara nyingi zaidi, nalo pigo la katikati hupita mipini yote kwa faida. Ama herufi za R, S na X zionyeshazo ugumu, hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa na viwanda vyote, hata S ya huyu yaweza kuwa R ya yule.

Fauka ya hayo, viungo vya kampuni moja havifai kwa vichwa vya nyingine, na abadilishaye alama ya kichwa hulazimika kununua kiungo kipya na kulipa ujira wa fundi. Na bidhaa bandia nazo zimejaa, hasa mtandaoni, zenye rangi sahihi na kaboni ya kubahatisha.

Pahala penye faida ya hakika ni kwenye kipimo. Mashine za rada, kama zile za TrackMan wa Denmark, huonyesha kasi, pembe na mzunguko kwa kila pigo, illa mpimwaji akumbuke hewa ya mahali alipo: mpira upigwao Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hauruki sawa na upigwao Vipingo kwenye pwani ya Kilifi, na takwimu za huku zisichukuliwe kuwa hukumu ya kule.

Hukumu yangu ni hii: mchezaji ambaye mpini wake ni mzito mno, mwepesi mno au mrefu mno kwake atafaidika kwa kuubadili, hata kwa mpini wa bei ndogo uliotumika, ama yule ambaye wake wamfaa tayari atanunua rangi na jina. Basi kabla ya kutoa dola 350, mlipe fundi akupime kwa kichwa chako mwenyewe, mpini wa zamani na mpya kwa zamu, kwa mipira ya namna moja, na mapigo yote yahesabiwe, mabaya pamoja na mazuri. Tofauti isipoonekana katika karatasi yake, fedha zako zibaki mfukoni.