Kamina Ianze kwa Kuhesabu

Jimbo la Katanga nchini Kongo lilipogawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015, kila mji mkuu wa jimbo jipya ulichukua fungu lake. Kolwezi ilipata shaba na kobalti ya Lualaba. Lubumbashi ilibaki na viwanda, benki na mpaka wa Kasumbalesa. Kalemie ilipata ziwa. Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami, ilirithi njia panda ya reli, ardhi kubwa ya kilimo, samaki wa maziwa ya Upemba na Kisale, na hazina isiyo na kitu.

Tangu hapo jimbo limesikia ahadi nyingi za maendeleo ya muda mrefu, kubwa na ndogo. Mpango wa taifa wa kimkakati uliopitishwa mwishoni mwa 2019 ulizungumzia Kongo inayoibuka kiuchumi kufikia 2030 na nchi iliyoendelea kufikia 2050. Ni shabaha za heshima. Lakini mkulima wa Kabongo au mvuvi wa Malemba-Nkulu hawezi kuzitumia kumdai mtu yeyote chochote, kwa sababu hazisemi wilaya yake iko wapi leo na inatakiwa kufika wapi mwaka ujao.

Tatizo la kwanza ni namba ya kuanzia. Sensa ya mwisho ya watu nchini Kongo ilifanyika 1984. Aliyezaliwa mwaka huo huenda sasa ana wajukuu. Idadi ya watu wa Haut-Lomami inayotajwa kwenye nyaraka ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio. Anayeahidi kupunguza umaskini kwa nusu bila kujua wangapi ni maskini ameahidi kitu kisichopimika, na ahadi ya namna hiyo haivunjwi kamwe, maana hakuna wa kuthibitisha kwamba imevunjwa.

Hata hivyo jimbo si gizani kabisa. Mwaka 2017, virusi vya polio vilipozuka Haut-Lomami, watoa chanjo walipita vijijini kuwatafuta watoto nyumba kwa nyumba. Kanda za afya zina orodha za kaya, shule zina rejista, stesheni ya Kamina ina hati za mizigo, masoko yana daftari za ushuru. Kuziunganisha kumbukumbu hizo hakuhitaji mshauri kutoka ng'ambo. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kamina wakiongozwa na walimu wao wanaweza kuifanya kazi hiyo. Namba zitakazopatikana hazitakuwa kamilifu, lakini zitatosha kuanzia.

Tatizo la pili ni fedha, na hapa katiba ya 2006 ni nzuri kuliko maisha. Ibara ya 175 inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe papo hapo yanapokusanywa. Ibara ya 181 inaanzisha mfuko wa usawazishaji wenye asilimia 10 ya mapato hayo, ili majimbo dhaifu yajenge miundombinu. Haut-Lomami ndiyo hasa aina ya jimbo lililokusudiwa. Kwa vitendo, mapato hupanda kwanza Kinshasa, kisha hurudi sehemu tu, kwa kuchelewa, na mfuko wa usawazishaji haujafikia kiwango kilichoandikwa. Mrabaha wa madini nao hauliokoi jimbo. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa 2018 inaipa serikali kuu asilimia 50, jimbo lenye mgodi 25, mamlaka za mitaa 15 na mfuko wa vizazi vijavyo 10. Lualaba inavuna. Kasiteriti ya Malemba-Nkulu, inayochimbwa zaidi kwa mikono na wachimbaji wadogo, haiwezi kuleta mapato kama ya migodi ya Kolwezi.

Kwa hiyo mpango wowote wa maendeleo wa Kamina unapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo kwenye hotuba huchanganywa: lile ambalo jimbo linaweza kulifanya kwa mkono wake, na lile ambalo linaweza tu kulidai.

Mahindi yanaonyesha tofauti hiyo vizuri. Lubumbashi na Kolwezi hula bukari, yaani ugali, kila siku, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya unga imeingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Zambia inapobana mauzo ya nje, bei hupaa upande wa Kongo. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na kila mama wa Katanga alijua maana yake kwa sufuria yake. Wakati huohuo, ndani ya Haut-Lomami, kwenye njia ya reli ya kwenda Kasai, kuna Kaniama-Kasese. Hapo Service National, chombo kilichoundwa 1997, kinalima mahindi kwa kutumia pia vijana wa magenge ya mitaani walioletwa kutoka Kinshasa, wale wanaoitwa kuluna. Mahindi yake yamesafirishwa kwa treni kwenda kuuzwa mijini. Ardhi, basi, imeshatoa ushahidi wake.

Lakini Kaniama-Kasese ni shamba la taifa. Lengo la jimbo haliwezi kuwa tani za shamba hilo. Kipimo chenye maana ni tani ngapi kutoka kwa wakulima wadogo zilipimwa kwa mizani ya haki, ngapi zilisagwa ndani ya jimbo, na behewa lilitumia siku ngapi kufika Lubumbashi, umbali wa takriban kilomita 600. Maghala, mizani na barabara za kutoka mashambani ziko ndani ya uwezo wa jimbo na mamlaka za mitaa. Injini na reli ni mali ya SNCC, shirika la reli la taifa. Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kulifufua mwaka 2010, na bado mizigo husafiri kwa kusuasua. Hapo jimbo lidai kwa mkataba ulioandikwa: mabehewa mangapi, msimu gani, kwa nauli ipi.

Historia inaunga mkono kupanga kwa vipimo vya namna hii, na inatoa pia onyo. Mpango wa Miaka Kumi wa Wabelgiji, uliotangazwa 1949, ulitaja miradi kwa jina, gharama na muda. Reli ya kutoka Kamina hadi Kabalo, iliyounganisha mji huu na upande wa Ziwa Tanganyika, ilikamilika 1956. Kama ufundi wa kupanga, mpango huo ulikuwa wa kweli. Kama siasa, ulikuwa dhuluma: Wakongo hawakuulizwa, na reli ilichorwa kwa faida ya makampuni. Mpango ulioangukia kosa jingine ni Bukanga Lonzo, bustani ya kilimo cha viwanda iliyozinduliwa 2014 magharibi mwa nchi kwenye hekta 80,000. Ilisimama 2017. Walianza na ukubwa, wakategemea mfuko mmoja wa serikali, na mkulima wa kijiji hakuwa mhimili wake.

Kenya ina somo jingine linalofaa kuazimwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inailazimu kila kaunti kuwa na mpango jumuishi wa miaka mitano, na inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango huo. Makueni, kaunti kavu yenye maembe mengi, ilijenga kiwanda cha kusindika matunda Kalamba badala ya kuota viwanda vya magari. Si kwamba kaunti zote 47 zimefaulu. Zipo zinazonakili mipango ya jirani. Faida ni kwamba mwananchi ana karatasi ya kumshika nayo gavana.

Tanzania nayo ilifikia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini Julai 2020, miaka mitano kabla ya mwisho wa Dira ya Maendeleo ya 2025 iliyoweka lengo hilo. Ni mafanikio, lakini wastani wa taifa haukumwambia mkazi wa Kigoma lolote kuhusu Kigoma. Haut-Lomami isijipime kwa wastani wa Kongo unaobebwa na shaba ya majirani.

Bunge la jimbo la Kamina lina mamlaka ya kupitisha edikti. Lipitishe moja: hakuna lengo litakaloingia kwenye mpango wa muda mrefu wa jimbo bila namba ya kuanzia, mwaka wa kupimwa, gharama, na jina la ofisi inayowajibika, na matokeo yasomwe hadharani kila mwaka Bukama, Kabongo, Kaniama, Malemba-Nkulu na Kamina. Malengo matano ya namna hiyo yanatosha kabisa kuanza nayo, na la kwanza liwe mahindi.